Makabidhiano ya Tumbo la Bwana Shibe

Kulikuwa na nchi, na kwa wema wa wenye nchi bado ipo. Jina lake silitaji. Siyo kwamba naogopa. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufungwa Jumatatu hadi Ijumaa ili watumishi wapumzike, na Jumamosi na Jumapili huwa ni sikukuu. Niseme tu kwamba ni nchi nzuri, ina bendera na ina milima, na sisi tunaoishi ndani yake tumeruhusiwa kuishi.

Mimi naitwa Mwanaidi binti Shomari. Ni mjane. Nina mjukuu mmoja, Sikudhani, mtoto wa marehemu binti yangu, na tunaishi kwa unga wa wajane: mfuko mmoja kila mwezi, unaotolewa kwenye dirisha la bohari ya wilaya. Naanza na huo unga kwa sababu ndio tuliokuwa nao. Mambo mengine yote nitakayoyasimulia yalikuwa ya karatasi.

Kabla Sikudhani hajazaliwa, alihamia chumba kinachotazamana na changu kijana mmoja mwembamba aitwaye Hamdani. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya vinyozi: vichwa vya watu walionyolewa vizuri, vyote vikitazama upande mmoja. Alikuwa na brashi tatu lakini hakuwa na meza, nikamwazima kibao changu cha kusukumia chapati. Siku moja aliponirudishia, nilikuta amechora juu yake kwa mkaa watu wawili.

Wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye kichwa kidogo kama ndimu na tumbo lililomtangulia hatua mbili. Alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa, mkononi ana paja la kuku. Wa pili alikuwa mwanamke mzee, peku, mbavu zinahesabika. Kapu lake alikuwa amelipindua chini juu ili watu waone halina kitu. Macho yake yalikuwa makubwa mno, yanalitazama lile paja la kuku.

"Huyu mnene ni nani?" nikamuuliza.

"Anaitwa Bwana Shibe. Sijamtoa kwa mtu yeyote, nimempata njiani tu."

"Na huyu mama?"

Akaona haya. "Bi Kapu. Ni wewe, Bibi."

"Mbona umenichora mbaya hivyo, Hamdani?"

"Sikukuchora mbaya. Nimekuchora tarehe ishirini na nane."

Ni kweli, mfuko wa unga hauvuki tarehe ishirini na sita hata ukiubembeleza. Sikuwa nimewahi kuambiwa na mtu kwamba ameniona tarehe ishirini na nane. Nilichukulia kuwa ni ukarimu wake, kuangalia tarehe ambayo wengine huwa hawaangalii.

Gazeti la Sauti ya Utulivu likawachukua wale wawili. Kila siku ilikuwa habari ileile. Bwana Shibe anakula, Bi Kapu anakuja na kapu lake, anauliza, "Bwana, leo kuna nini?" Naye hujibu bila kuacha kutafuna. Siku moja, "Leo kuna matumaini." Siku nyingine, "Leo kuna kikao." Watu walicheka mpaka wakalikunja gazeti na kuliweka vifuani na mifukoni, na mafundi baiskeli wakabandika picha zile ukutani.

Hamdani alinifundisha jambo moja la kazi yake. Alisema watu wa kuchorwa hukua kama watoto. Mwaka wa kwanza Bi Kapu alikuwa na vidole vitano. Mwaka wa pili vikawa vinne, kwa kuwa mkono ulikuwa na haraka. Pua ya Bwana Shibe ilianza ndefu, ikajifupisha yenyewe mpaka ikawa nukta. Kanga yangu ilianza na maua, yakachoka, ikabaki mistari.

"Sikuamua hata kimoja," alisema. "Mkono ukizoea, wao wenyewe huchagua wanavyotaka kuwa."

Ndivyo walivyokuwa wakibadilika siku zile.

*

Mwaka wa tatu, asubuhi moja, wakuu kumi na mmoja walifika Idara ya Mifanano, kila mmoja ameshika gazeti kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine. Idara ya Mifanano ni ofisi inayohakikisha kwamba hakuna kitu nchini kinachofanana na kitu kingine bila ruhusa. Walikuja kulalamika kwamba tumbo la Bwana Shibe ni la kwao. Tatizo ni kwamba kila mmoja alisema ni la kwake peke yake.

"Hili ni langu! Tazama linavyoinamia kushoto!"

"Lako la lini? Lako limeanza juzi tu ulipopewa ukurugenzi!"

"Mimi hili nimelijenga tangu nikiwa mtendaji wa kata, mheshimiwa! Usinichezee!"

Ilibidi aitwe fundi cherehani na futi yake. Akawapima wote kumi na mmoja, kisha akaipima picha. Alikuwa fundi mwaminifu, na aliwaomba radhi mmoja mmoja kabla ya kuwazungushia futi. Matokeo yalikuwa kwamba tumbo lilifanana na yote kumi na moja.

Mkurugenzi wa Idara aliitwa Dakta Tindwa. Alikuwa mtu wa sauti nene na leso nyeupe. Akamwita Hamdani, akamwambia mbele ya watu:

"Ndugu mchoraji, Serikali haina ugomvi na tumbo. Tumbo ni kiungo halali. Ugomvi wetu ni mahali lilipo. Tumbo hili limewekwa kwa mtu asiyestahili kuonekana nalo."

"Nitalifuta, mheshimiwa," akasema Hamdani.

"Kufuta!" Dakta Tindwa akashtuka kana kwamba ameona nyoka. "Ufute mali iliyokwisha kuchapishwa?"

Hapa niwaeleze desturi yetu. Katika nchi yetu hakuna kinachotupwa, kila kitu hukabidhiwa. Pale uwanja wa wilaya kuna lori lisilo na injini tangu nikiwa msichana. Kila afisa anayehama humkabidhi anayekuja, na anayekuja huandika, "Nimepokea lori moja, zima," akaweka saini. Mti umeota katikati yake, nao hukabidhiwa. Kwa hiyo tumbo likitoka kwa mtu mmoja ni lazima liende kwa mtu mwingine, mbele ya mashahidi.

"Katika picha kuna watu wangapi?" akauliza Dakta Tindwa.

"Wawili."

"Basi mbona unanipotezea muda?"

Barua ikaletwa kwangu na tarishi wa baiskeli. Alikuwa na adabu sana. Alisubiri niitafute miwani, na nilipoikosa akanisomea mwenyewe, mara mbili. Ilisema kwamba mimi, kwa kuwa ndiye mwenye sura ya Bi Kapu, nifike uwanjani kupokea tumbo.

Nilikuta turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na cha kwangu kimewekewa kitambaa. Msichana mmoja aliniletea soda na akaifungua yeye mwenyewe, alipoona vidole vyangu havina nguvu. Dakta Tindwa akasimama.

"Leo ni siku ya historia," alisema. "Nchi nyingine huwanyima wanyonge. Sisi tunampa mnyonge tumbo!"

Watu wakapiga makofi. Nikaletewa karatasi: "Nimepokea tumbo moja, likiwa katika hali nzuri." Chini yake palikuwa na mstari wa pili: "Nimekabidhi mbavu zote, zikiwa zinaonekana." Maana mtu hawezi kupokea bila kukabidhi. Nikaweka saini.

Jioni Hamdani alinikuta kibarazani.

"Bibi, umetia saini?"

"Nimetia."

"Kwa nini?"

"Walinipa kiti, mwanangu. Na kile kitambaa kilikuwa kimepigwa pasi."

Akacheka sana. Halafu akaacha kucheka, akaenda kuchora.

*

Baada ya tumbo, wakuu waligundua kwamba kiti nacho kilikuwa chao. Nikapokea kiti. Mwaka uliofuata waziri mmoja akaonekana hadharani na paja la kuku, nikapokea paja la kuku. Kisha viatu, kisha saa ya mkononi, kisha kidevu cha pili na baadaye cha tatu. Kila mara palikuwa na turubai, na kila mara soda. Nami nikakabidhi kila nilichokuwa nacho: miguu yangu peku, kanga yangu yenye kiraka, mgongo wangu uliopinda, na mwishoni kapu.

Kwa hiyo miaka ilivyokwenda, watu wale wawili walipishana gazetini kama wapitao mlangoni. Bwana Shibe akakonda. Akavaa matambara, akasimama peku mbele ya kiti kikubwa na kulipindua kapu. Juu ya kiti nimekaa mimi, videvu vitatu, mafuta yananitiririka.

"Bibi, leo kuna nini?" anauliza Bwana Shibe kwa unyenyekevu.

"Leo kuna matumaini," najibu, mdomo umejaa.

Hamdani alikuwa akichora akiwa ameuma meno. "Haya si mabadiliko ya mkono," aliniambia. "Haya ni mabadiliko ya barua."

Watoto waliozaliwa baadaye hawakuwahi kuziona picha za kwanza. Kwao Bwana Shibe alikuwa maskini tangu mwanzo, na walimpenda. Shule moja ilimchangia nguo. Wakuu wote kumi na mmoja sasa walipenda kusema hadharani, "Hata mimi ni kama Bwana Shibe tu," nao walilia kidogo wakisema hivyo, na walibebewa leso.

Mimi nilianza kuzomewa kisimani.

"Bi Kapu! Tapika!"

"Tapika hata kidevu kimoja tu, tugawane!"

"Mama wewe, unachota maji ya nini? Si unashushia kuku!"

Jirani yangu Mama Tausi ndiye peke yake aliyenitetea. "Nyie watoto hamna macho? Huyu bibi ukimpuliza anaanguka!" Na mmoja akamjibu kwa upole wa kweli, kama anayemfundisha: "Mama Tausi, hiyo ni njama. Amejikondesha ili tusimjue."

Radio nayo ikaleta mtaalamu wa kueleza kwa nini unga hautoshi nchini. Alieleza kwa saa nzima, kwa tarakimu, na mwisho akasema kwa lugha nyepesi ili sisi wazee tuelewe: "Unga unaliwa na akina Bi Kapu." Nilizima radio, nikagawa uji wa jioni. Sikudhani alikuwa na miaka minane wakati huo. Aliniuliza, "Bibi, kumbe unakula wapi?"

*

Mwezi uliofuata nilienda dirishani na mfuko wangu. Karani wa unga aliitwa Bwana Lwitiko. Sijapata kuona karani mwenye huruma kama yule. Alikuwa akiinuka kila anapomwambia mtu habari mbaya. Siku ile aliinuka nikiwa bado sijafika.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Umenenepa, Bibi."

"Mimi?"

"Kwenye picha."

"Lakini mimi nimesimama hapa, Bwana Lwitiko. Nitazame."

"Nakutazama, na ninasikitika. Lakini wewe uko mmoja, Bibi. Picha ziko elfu arobaini kila siku." Akanigeuzia daftari la wajane. Jina langu lilikuwa limekatwa kwa mstari ulionyooka vizuri, kwa rula, na juu yake wameandika: Bi Kapu. Pembeni: Ameshiba. "Saini ni ya kwako. Tumbo ulilipokea likiwa katika hali nzuri."

"Nikilirudisha je?"

"Nani atalipokea?"

Nikawageukia watu wa foleni. Walionifuata walisema nisogee.

Tangu siku ile tuliishi kwa sehemu ya Hamdani. Alikuwa akileta sahani yake, anasema amekula kazini. Hakuna anayekula kazini Sauti ya Utulivu. Huko hata gundi inafungiwa. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Mtoto tu ndiye aliyeamini, na ni kwa ajili yake tulikuwa tukidanganyana.

Siku hizo ndipo Hamdani aliponieleza kuhusu macho.

"Wamechukua vyote, Bibi. Lakini macho hawajawahi kuyaona. Chukua picha ya leo, ziba mdomo na videvu kwa kidole."

Nikaziba. Pale juu ya mashavu yale yaliyovimba palikuwa na macho yangu ya tarehe ishirini na nane, yanatazama vilevile.

"Nayachora hivyo kila siku," akasema. "Yeyote anayetaka kujua, atajua."

*

Aliyejua alikuwa afisa mmoja mpya wa Idara, binti msomi, aliyekuwa na tabia mbaya ya kutazama vitu. Aliandika taarifa ya mstari mmoja: "Bi Kapu ana macho ya mtu mwenye njaa." Wakuu wote wakaziba picha kwa vidole, wakaona, wakatoa vidole haraka.

Hamdani akaamriwa ayashibishe macho. Akakataa. Nadhani hata yeye alishangaa, maana kwa miaka yote hakuwahi kukataa. Alimwambia Dakta Tindwa, "Tumbo nililitoa hewani, mheshimiwa, nimelirudisha hewani. Macho yana mwenyewe."

Walikuja kumchukua saa nne asubuhi. Askari wale walikuwa na malezi; walibisha hodi kabla ya kuvunja mlango. Mmoja aliokota ndara ya Hamdani iliyomvuka, akamvisha tena. Wakampeleka Nyumba ya Tafakari, ambako watu hukaa mpaka wakubaliane.

Sahani ya Hamdani ikawa imeondoka. Siku ya kumi na tisa Sikudhani aliacha kuuliza tutakula nini, na hilo ndilo lililonitisha. Siku hiyohiyo Dakta Tindwa akaniita ofisini. Alinisogezea kiti mwenyewe.

"Bibi, wewe ni mama wa taifa," alisema. "Taifa zima linakuona kila asubuhi. Je, ni haki taifa lishibe, mama wa taifa ashibe, halafu macho yake yaseme vingine? Huo si uchoraji, huo ni uchochezi wa usoni! Nenda ukazungumze na kijana wako. Akiyashibisha macho, Bi Kapu atakuwa amekamilika. Tutafunga jalada. Yeye atatoka, na wewe nitakupa barua ya unga wa shukrani, mifuko miwili kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wako."

"Na mtoto?"

"Na mtoto," akasema, akaniwekea mkono begani. Mkono wake ulikuwa na joto. Nasema ukweli, ulikuwa na joto.

*

Nilikwenda na Sikudhani. Mlinzi wa lango alitaka kunipekua, akanitazama, akasema, "Pita tu, Bibi, hakuna pa kupekua."

Hamdani alikuwa amekaa mbele ya meza, ya kwanza kupewa na Serikali. Juu yake karatasi na kalamu ya wino. Kila asubuhi waliziweka, kila jioni walizikuta nyeupe. Askari alisimama pembeni akitazama dari ili asisikie.

"Wamekutuma, Bibi," akasema Hamdani.

"Wamenituma. Lakini na mimi mwenyewe nimekuja."

Nikamweleza yote, macho, jalada, barua, mifuko miwili. Alisikiliza huku akimtazama mtoto.

"Sikudhani, umekula nini leo?"

"Leo bado, Mjomba. Nilikula juzi."

Akaishika kalamu, akaiweka tena.

"Bibi, sikiliza. Macho yale ndicho kitu pekee nilichokibakiza. Nikiyabadilisha, hakuna mahali popote patakapokuwa pameandikwa kwamba mlikuwa na njaa. Atakayekuja kesho akiuliza, atakuta umeshiba. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mwanangu."

"Ukiniambia nisichore, sichori. Nitakaa hapa mpaka ndevu zifike mezani. Niambie tu."

Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Nililiweka juu ya ulimi tayari. Lakini mtoto alikuwa ameegemea ubavu wangu, na alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka, nikanyamaza. Miaka yote nimewasimulia watu juu ya wema wa wengine, na siku ya wema wangu sikusema kitu.

Hamdani akasubiri kwa adabu. Alipoona sisemi, akachora. Mistari miwili midogo, imepinda kwa raha, kama ya mtu aliyemaliza wali wa harusi akalaza kichwa. Haikuchukua muda wa kufunga kanga. Askari aliinama akaupuliza wino ukauke, akasema, "Hongera, umechora vizuri," na alimaanisha.

Kabla ya kumtoa walimpa tamko la kutia saini: kwamba macho yale mapya ameyachora kwa kumtazama mwenyewe Bi Kapu, na ndivyo yalivyo. Ikigundulika kuwa mwenyewe hafanani na picha, basi amelidanganya taifa, na kifungo chake ni miaka saba. Akatia saini.

*

Siku ya tatu tulikwenda dirishani, mimi, Hamdani na Sikudhani. Barua ya Dakta Tindwa niliifunga kwenye pindo la kanga. Hamdani alibeba mfuko. Foleni ilikuwa ndefu, na iliponiona ikaanza.

"Songa, Bi Kapu, waachie wenye njaa!"

"Amekuja kuchukua mchuzi sasa!"

Bwana Lwitiko alifurahi kuniona. Aliifungua barua kwa mikono miwili.

"Ni halali kabisa, Bibi. 'Mpe Bi Kapu unga, mifuko miwili.' Mihuri yote mitatu ipo." Akageuka, akavuta mifuko miwili mpaka dirishani. Ilikuwa mizito, unga mweupe ulitoka kidogo kwenye mshono. Sikudhani akaweka vidole vyake kwenye kizingiti cha dirisha, ajiinue auone.

"Sasa nihakiki tu," akasema Lwitiko. Akafungua gazeti la siku ile. Akatazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Kisha taratibu akainuka, na moyo wangu ukajua.

"Bibi, Bi Kapu ana macho ya mtu aliyeshiba."

"Ndiyo, mwanangu. Yamebadilishwa juzi."

"Ya kwako hayajabadilika."

"Sijala, Bwana Lwitiko. Nikila yatabadilika."

"Basi huwezi kuwa Bi Kapu."

"Mwezi ule uliniambia mimi ndiye."

"Na nilisema kweli. Mwezi ule macho yalifanana. Tumbo tungelichukulia kwa saini, lakini macho hayana saini." Alisema bila ukali wowote, na jasho lilimtoka. Nyuma yangu mtu akauliza, "Kwani si yeye?" Mwingine akajibu, "Hujasikia? Si yeye!" Wa tatu akasema, "Basi kama si yeye, anafanya nini kwenye foleni?"

Lwitiko akamwona Hamdani. Uso ukamng'aa.

"Bwana mchoraji, una bahati umekuja, utatutoa hapa. Kitabu cha uhakiki kina mahali pa shahidi mtaalamu. Huyu mama ni Bi Kapu, au siye? Nikiandika ndiye, nampa unga sasa hivi. Ila na hiyo nitaipeleka Idara, kwamba macho ya mwenyewe hayafanani na picha. Ndio utaratibu."

Hamdani aliweka mfuko chini. Nilimwona akivuta pumzi, na nilijua anavuta pumzi ya neno gani. Alikuwa ameshaitazama ile mifuko, na alikuwa ameshamtazama mtoto. Miaka saba ilikuwa imekaa usoni mwake, naye alikuwa ameshaikubali.

"Bwana Lwitiko," akasema, "huyu ni—"

"Siye," nikasema mimi.

"Bibi!"

"Siye. Andika, mwanangu. Mimi sijawahi kuwa Bi Kapu. Huyu kijana alimtoa hewani, na mimi namfahamu kwa kusikia tu. Nilipita hapa na mjukuu wangu kutazama watu."

Hamdani alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma, na hakusema neno lingine, kwa kuwa nilikuwa nimemfinya.

Lwitiko aliandika polepole, kwa hati nzuri. Akaikunja barua mara mbili, akairudisha mifuko miwili ndani, mmoja baada ya mwingine, akikwepa nisione uso wake.

"Kwenye daftari la wajane jina lako lilishakatwa, na la Bi Kapu si lako. Ahsante, Bibi. Umenirahisishia kazi."

Kisha akashika ubao wa dirisha aufunge. Hakuufunga kwa ghafla kama wengine. Aliona vidole vya Sikudhani bado viko pale kizingitini, akangoja, akangoja, mpaka mtoto akavitoa kimoja kimoja.